Mzigo Unapohama Bega: Kifua Kikuu na Usugu wa Dawa katika Njia ya Misafara

Msafara uliotoka Bagamoyo katika karne ya 19 ulipowasili Unyanyembe, mahali ulipo mji wa Tabora leo, ulikuwa umekwenda sehemu kubwa ya safari lakini ulikuwa haujafika. Ujiji ilikuwa bado mbele, kando ya Ziwa Tanganyika. Hapo Unyanyembe ndipo wapagazi wengi walipotua mizigo, kwa kuwa walikuwa Wanyamwezi na walikuwa wamefika kwao. Makubaliano yao yalikwisha, na mwenye msafara hakuwa na budi kutafuta mabega mapya. Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh tarehe 7 Novemba 1857 wakakaa zaidi ya mwezi mmoja wakisubiri wapagazi. Miaka 14 baadaye Henry Stanley alikuta Unyanyembe shehena iliyotumwa kutoka Zanzibar kwa ajili ya David Livingstone, nayo imekwama. Livingstone mwenyewe alikuwa magharibi zaidi, akiumwa. Sanduku lake la dawa lilikuwa limepotea tangu Januari 1867, lilipochukuliwa na wachukuzi waliotoroka.

Dawa zilikuwapo duniani na mgonjwa alikuwapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuupokea mzigo pale ambapo wa kwanza aliutua.

Kifua kikuu katika Tabora ya leo kina sura inayofanana na hiyo. Ugonjwa unajulikana, vipimo vipo, dawa ni za bure na zinaponya. Hata hivyo tiba yake huchukua miezi sita, na Mkoa wa Tabora ni mkoa wa watu wanaohama: vibarua wa tumbaku, wachimbaji wadogo wa dhahabu wa Nzega na Igunga, wafugaji wanaofuata malisho, warina asali wanaokaa porini kwa wiki kadhaa, na wasafiri wa reli iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma miaka miwili baadaye, ikifuata kwa kiasi kikubwa mwelekeo wa njia ile ile ya zamani. Katika mazingira haya, usugu wa vimelea dhidi ya dawa hupata nafasi pale ambapo mgonjwa ametoka katika mikono ya kituo kimoja na hajaingia katika mikono ya kingine.

Kijana wa tumbaku

Mfano ufuatao ni wa kutungwa, lakini mhudumu yeyote wa Urambo au Kaliua atautambua. Kijana wa miaka 26 anatoka Kasulu mwezi wa kumi kwenda Urambo kulima tumbaku ya mtu, kwa makubaliano ya kulipwa baada ya soko. Mwezi wa kwanza, majani yanapoanza kuchumwa na kukaushwa kwenye mabani, anaanza kukohoa. Analaumu moshi wa bani, na kwa kweli moshi huo haumsaidii. Anapewa asali, koo linatulia kidogo, kikohozi kinabaki. Kisha anakwenda kwenye duka la dawa, anauziwa vidonge vya siku tano. Jioni anapata homa, usiku anatokwa na jasho la kulowanisha shuka, na suruali inaanza kumvuka.

Mwezi wa tatu anafika kituo cha afya. Anatoa makohozi, yanapimwa, na jibu linatoka: kifua kikuu, vimelea visivyo sugu kwa rifampisini. Ana kilo 48, hivyo anaanza vidonge 3 kwa siku vyenye mchanganyiko wa dawa nne. Baada ya wiki tatu hamu ya kula imerudi. Baada ya miezi miwili anabeba mafurushi ya tumbaku kama wenzake.

Mwezi wa saba soko limekwisha, amelipwa, na hana sababu ya kubaki Urambo. Anapanda treni kwenda Kigoma akiwa na dawa za wiki mbili mfukoni. Yumo katika mwezi wa tano wa tiba, anajisikia mzima, na kwao kuna mama anayemsubiri na nyumba ya kuezeka. Dawa zinapokwisha haendi zahanati. Mwezi wa kumi na mbili kikohozi kinarudi.

Rejesta ya Urambo itamwandika kuwa amepotea katika ufuatiliaji. Zamani ingemwita mtoro, neno lile lile walilopewa wapagazi waliokimbia misafara. Shirika la Afya Duniani (WHO) liliacha istilahi ya namna hiyo mwaka 2013, na lilifanya vema, kwa sababu neno mtoro hufunga uchunguzi kabla haujaanza. Kijana huyu hakumtoroka mtu yeyote. Alirudi nyumbani siku ambayo kila mtu katika kijiji kile, tangu mwenye shamba hadi muuguzi, alijua kwamba angerudi.

Hesabu za ndani ya pafu

Ili kuelewa kinachotokea katika kifua cha kijana huyo kati ya mwezi wa saba na wa kumi na mbili, yafaa kuanza na idadi. Tundu lililochimbwa na kifua kikuu ndani ya pafu linaweza kuwa na vimelea milioni 100 au zaidi. Vinapozaliana, makosa madogo hutokea katika vinasaba vyao. Takriban kimelea 1 katika kila milioni 1 huwa na kosa linalokifanya kisiuawe na isoniazidi, na takriban 1 katika kila milioni 100 huwa na kosa linalokikinga na rifampisini. Hii ina maana kwamba mgonjwa anaweza kuwa na vimelea vichache sugu kwa dawa moja hata kabla hajameza kidonge cha kwanza. Akipewa dawa moja peke yake, vimelea vyepesi vitakufa, atapata nafuu ya wiki chache, kisha vile vichache vitajaza nafasi iliyoachwa. Jambo hilo lilionekana mapema, katika majaribio ya streptomaisini nchini Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1940.

Lakini uwezekano wa kimelea kimoja kuwa na makosa yote mawili kwa pamoja ni 1 katika trilioni 100, idadi ambayo hakuna pafu linaloweza kuibeba. Ndiyo maana dawa hutolewa kwa pamoja: kila moja inamlinda mwenzake.

Mara nyingi wagonjwa huambiwa kwamba ukiruka siku moja tu ugonjwa utakuwa sugu. Si kweli, na kitisho cha namna hiyo humfanya aliyeruka siku tatu aone aibu kurudi kliniki. Hatari kubwa iko katika kuacha na kuanza mara kwa mara, katika kumeza dozi ndogo kuliko uzito wa mwili, katika kuchagua kidonge kimoja na kuacha kingine, na katika utumbo usiofyonza dawa vizuri, kama inavyotokea kwa baadhi ya wenye VVU au kisukari. Dawa hazitoki mwilini kwa kasi moja, na vimelea haviamki vyote kwa wakati mmoja. Katika kila mzunguko wa kuacha na kurudia kuna kipindi ambacho dawa moja inafanya kazi peke yake, na vimelea vichache sugu hupata faida. Vidonge mchanganyiko vimeondoa kwa kiasi kikubwa tatizo la kuchagua. Yaliyosalia yako mikononi mwa watu.

Suala la uzito ni rahisi kusahaulika. Kijana aliyeanza na kilo 48 na kufika kilo 56 hapaswi kuendelea na vidonge 3. Kuanzia kilo 55 anahitaji 4. Kliniki isiyo na mizani inayofanya kazi, au yenye mizani lakini kadi haijazwi, inatoa dozi pungufu kwa mgonjwa ambaye kosa lake ni kupona.

Dawa iliyolindwa

Tanzania ina historia yake katika jambo hili, na ni historia inayostahili kujulikana zaidi kuliko inavyojulikana. Majaribio yaliyofanywa Afrika Mashariki kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972, ndiyo yaliyoonyesha kuwa miezi sita ya tiba yenye rifampisini inaweza kufanya kazi iliyokuwa ikichukua mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1977 Wizara ya Afya ilianzisha Mpango wa Taifa wa Kudhibiti Kifua Kikuu na Ukoma. Karel Styblo, daktari mzaliwa wa Chekoslovakia aliyepata kuugua kifua kikuu akiwa mfungwa katika kambi ya Mauthausen wakati wa Vita Kuu ya Pili, alishirikiana na wataalamu wa Tanzania kuujenga mpango huo wilaya kwa wilaya. Kilichozaliwa hapa kilikuwa msingi wa mkakati ambao WHO iliutangaza kwa dunia nzima katikati ya miaka ya 1990.

Siri moja ya mpango huo ilikuwa ulinzi wa rifampisini. Katika miaka ya 1980 dawa hiyo ilikuwa ghali, na waliouanzisha mpango walihofia kuipoteza. Mgonjwa aliyekutwa na vimelea katika makohozi alilazwa, au alihudhuria kila siku, kwa miezi miwili ya kwanza, akimeza rifampisini mbele ya muuguzi. Miezi sita iliyofuata alipewa dawa nyingine za kwenda nazo nyumbani. Rifampisini haikutoka mlangoni.

Utaratibu huo ulikuwa na gharama zake. Kulazwa miezi miwili kulimwondoa mkulima shambani na mama kwa watoto wake. Baadaye ilithibitika pia, katika jaribio la Afrika na Asia lililochapishwa mwaka 2004, kwamba tiba yenye rifampisini mwanzo hadi mwisho inaponya vizuri zaidi kuliko ile inayoiondoa baada ya miezi miwili. Tanzania ikahamia tiba ya miezi sita, na mgonjwa akaruhusiwa kuchagua: ameze dawa kituoni, au nyumbani akisimamiwa na mtu anayemwamini. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Hata hivyo, tangu hapo rifampisini husafiri pamoja na mgonjwa, hupanda naye treni, hukaa naye kambini. Mlinzi wake hayuko tena wodini. Yuko nyumbani, naye ni mke, kaka, jirani au mhudumu wa afya ngazi ya jamii, na ulinzi huo huvunjika mgonjwa anapohama.

Je, usugu umeongezeka? Ukweli unatia moyo zaidi kuliko uvumi. Uchunguzi wa kwanza wa kitaifa, uliofanyika mwaka 2006 na 2007, ulikuta usugu dhidi ya rifampisini na isoniazidi kwa pamoja kwa karibu mgonjwa 1 kati ya 100 wapya, na kwa kiwango kikubwa mara kadhaa kwa wale waliowahi kutibiwa. Uchunguzi uliofuata, muongo mmoja baadaye, ulitoa picha inayokaribiana na hiyo. Wakati huo huo makadirio ya WHO yanaonyesha wagonjwa wapya wakipungua kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 hadi chini ya 200 mwaka 2023. Tanzania haimo katika orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa zaidi wa kifua kikuu sugu kwa miaka 2021 hadi 2025. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ng'ambo ya ziwa kutoka Ujiji, imo.

Kinachoongezeka ni idadi ya wagonjwa sugu wanaotambuliwa, na sababu yake kubwa ni kipimo. Kabla ya mashine ya GeneXpert, ambayo WHO iliidhinisha Desemba 2010, usugu ulithibitishwa kwa kuotesha vimelea kwa wiki kadhaa, kazi iliyofanywa na maabara chache mno. GeneXpert hutoa jibu kwa takriban saa mbili: kama vimelea vipo, na kama vina kasoro ya kinasaba inayoashiria usugu dhidi ya rifampisini. Hadubini huona kimelea tu. Haijui kama kitakufa kwa dawa au la. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa kwa hadubini peke yake na kuanzishiwa dawa za kawaida anaweza kuwa anameza, miezi mitano mfululizo, dawa ambazo vimelea vyake vilikwisha zizoea.

Yapo mambo ambayo GeneXpert ya kawaida haiyasemi. Haionyeshi usugu dhidi ya isoniazidi peke yake. Haifai kufuatilia maendeleo ya tiba, kwa kuwa hunasa pia vinasaba vya vimelea vilivyokufa. Kazi hiyo inabaki kwa hadubini mwishoni mwa mwezi wa pili, wa tano na wa sita. Wala haitofautishi kifua kikuu cha kawaida na kile cha ng'ombe. Katika mkoa wenye mifugo mingi kama Tabora jambo hili lina uzito wake. Kimelea cha ng'ombe, kinachoweza kumwingia mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa, kwa asili yake hakidhuriwi na pirazinamidi, moja ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo. Mgonjwa mwenye matezi ya shingo anayetoka katika familia ya wafugaji anastahili kuulizwa wanakunywaje maziwa, na wahusika waambiwe wachemshe. Mtindi unaotengenezwa kwa maziwa mabichi hauondoi hatari hiyo.

Makosa ya upande wa meza ya daktari

Si haki kumtwika mgonjwa lawama zote. Kwa miongo kadhaa mgonjwa aliyerudi na kifua kikuu mara ya pili, hapa na kwingineko duniani, alipewa dawa zile zile pamoja na sindano ya streptomaisini. Kwa aliyekuwa na vimelea sugu hii ilikuwa sawa na kuongeza dawa moja tu juu ya dawa zilizokwisha shindwa, na vimelea vikapata nafasi ya kuizoea nayo. WHO iliuondoa utaratibu huo mwaka 2017. Kanuni iliyobaki inapaswa kuandikwa ukutani katika kila kliniki: usimwongezee dawa moja mgonjwa ambaye tiba yake inashindwa. Pima usugu kwanza.

Kosa la pili linatokea kabla mgonjwa hajafika kliniki. Antibiotiki za kundi la siprofloksasini na levofloksasini hupunguza vimelea vya kifua kikuu kwa muda. Mtu mwenye kikohozi cha wiki tatu akipewa dozi ya wiki moja atapata nafuu, makohozi yake yanaweza kukosa vimelea yakipimwa siku hizo, na ugunduzi utachelewa kwa mwezi au miwili. Wakati huo anaambukiza walio karibu naye. Mbaya zaidi, dawa za kundi hilo ni nguzo katika kutibu kifua kikuu sugu, na kuzitumia ovyo kwa kikohozi ni kutumia akiba kabla ya njaa. Muuzaji wa duka la dawa muhimu yuko karibu na mgonjwa kuliko daktari yeyote. Anapomwambia mteja, "Kaka, kikohozi hiki kimezidi wiki mbili, nenda kwanza ukapime makohozi," anakuwa amefanya kazi kubwa ya kitabibu bila kuuza kidonge.

Yapo pia maudhi ya dawa ambayo mgonjwa hakuelezwa. Rifampisini hubadili rangi ya mkojo kuwa ya machungwa au nyekundu. Asiyeambiwa hudhani anakojoa damu, akaacha dawa. Anayejua hutulia, na msimamizi wake anajua pia kwamba mkojo uliobadilika rangi ni dalili kuwa dawa imemezwa. Ganzi na kuwaka moto nyayoni husababishwa na isoniazidi na huzuiwa kwa vitamini B6. Maumivu ya viungo mara nyingi hutokana na pirazinamidi. Macho kuona ukungu, au kushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, yaweza kuwa ethambutoli, na mgonjwa arudi kituoni siku hiyo hiyo. Akiona macho yamekuwa ya manjano, anatapika na hawezi kula, asimame kumeza na aende kituoni bila kuchelewa. Mwanamke anayetumia vidonge vya uzazi wa mpango aelezwe kwamba rifampisini huvipunguzia nguvu. Anayetumia dawa za kufubaza VVU zenye dolutegraviri huhitaji kuimeza mara mbili kwa siku badala ya mara moja kwa muda wote wa rifampisini, na marekebisho hayo mara nyingi husahaulika anapohamia kliniki nyingine bila maandishi.

Anapopatikana mwenye vimelea sugu

Tanzania ilianza kutibu kifua kikuu sugu mwaka 2009 katika Hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro, iliyoanza kama kituo cha wagonjwa wa kifua kikuu mwaka 1926. Kwa mgonjwa wa Tabora hiyo ilikuwa safari ya zaidi ya kilomita 600, kisha miezi ya kulazwa mbali na jamaa. Tiba ilikuwa ya miezi 20 hivi, nayo ilikuwa na sindano za kila siku ambazo ziliwaacha baadhi ya wagonjwa wakiwa viziwi. Wengi waliponea pale, lakini haishangazi kwamba wapo waliosikia habari hizo na kuamua kujificha.

Hali imebadilika, na wagonjwa wanapaswa kujua hivyo. Huduma imesogezwa mikoani. Sindano zimeondolewa na nafasi yake kuchukuliwa na vidonge, vikiongozwa na bedakwilini. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza tiba ya miezi sita kwa wagonjwa wengi wa kundi hili, yenye bedakwilini, pretomanidi, linezolidi na moksifloksasini. Muda wake sasa ni sawa na wa kifua kikuu cha kawaida. Ufuatiliaji ndio ulio mkali zaidi: kipimo cha umeme wa moyo kwa sababu ya bedakwilini, na wingi wa damu, ganzi ya miguu na uwezo wa macho kuona kwa sababu ya linezolidi. Dawa hizi mpya nazo hazina kinga dhidi ya usugu. Vimelea visivyodhuriwa na bedakwilini vimekwisha onekana katika nchi kadhaa, na baada ya dawa hizi akiba ni ndogo.

Wala usugu haumpati yule aliyekatisha dawa peke yake. Kimelea kilichokwisha kuwa sugu huambukizwa kwa hewa kama kingine chochote. Mtoto wa miaka minne anayelala chumba kimoja na mjomba aliyerudi kutoka mashambani anaweza kuanza maisha yake na ugonjwa usiosikia rifampisini, naye hajawahi kumeza hata kidonge kimoja. Nyumba za tembe za Unyamwezi, zenye kuta nene za udongo na madirisha madogo, zina ubaridi mzuri mchana, lakini hewa yake hukaa. Mkohozi alale penye dirisha lililo wazi, mchana akae nje. Kila aliyeishi naye nyumba moja aitwe kupimwa, na watoto walio chini ya miaka mitano wasio wagonjwa wapewe dawa ya kinga. Ikiwa ugonjwa wa mjomba ni sugu, kinga ya watoto hao ichaguliwe na mtaalamu, kwa sababu isoniazidi inaweza isiwasaidie.

Swali la siku ya kwanza

Kijana wa Kasulu angeweza kuokolewa kwa swali moja mwezi wa tatu, siku aliyofungua kadi: "Mdogo wangu, soko la tumbaku likiisha utakuwa wapi?" Jibu lake lingeandikwa kwenye kadi na kwenye rejesta, pamoja na jina la kijiji, zahanati iliyo karibu, na namba za simu za watu wawili, mmoja wa Urambo na mmoja wa nyumbani. Kwa mchimbaji swali lingekuwa ni duara gani atakwenda hili likikauka. Kwa mfugaji, mifugo itakuwa wapi kiangazi. Kwa mrina asali, atakaa kambini siku ngapi; huyo apewe dawa za siku hizo zote na chache za akiba, na mwenzake wa kambi afundishwe kumkumbusha. Maswali haya huchukua dakika tano. Katika kliniki yenye foleni dakika tano si kitu kidogo, lakini kumsaka mtu Kasulu mwezi wa kumi na mbili huchukua zaidi.

Mwenye shamba naye ana sehemu yake. Anajua siku ya malipo kuliko kliniki inavyoijua. Pale ambapo mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya ana mazoea ya kuzungumza na vyama vya msingi vya wakulima wa tumbaku kabla ya msimu wa soko, kibarua aliye katika tiba anaweza kupita kliniki kwanza, achukue dawa za kutosha mwezi mmoja na barua yake, kisha apande treni. Jambo hili halihitaji fedha za wafadhili. Linahitaji hofu ya kibarua iondolewe kwanza, kwa maana anayeamini kuwa atafukuzwa kazi au kunyimwa ujira akijulikana anaugua hatamwambia mtu. Mgonjwa aliyemeza dawa sahihi kwa wiki chache, akiwa na vimelea visivyo sugu, uwezo wake wa kuambukiza hushuka sana, na mwenye shamba anahitaji kuusikia ukweli huo kutoka kwa mtu anayemheshimu.

Fomu ya uhamisho ina sehemu mbili. Ya juu hujazwa na kituo kinachomtoa mgonjwa: dawa alizoanza na tarehe yake, uzito, majibu ya makohozi, majibu ya usugu, hali ya VVU. Ya chini hujazwa na kituo kinachompokea, kisha hurudishwa kilikotoka, ikieleza kwamba fulani amefika na anaendelea. Sehemu ya juu hujazwa mara nyingi. Ya chini huonekana kwa nadra. Mgonjwa aliyeondoka na fomu iliyojazwa vizuri huhesabiwa na kituo cha kwanza kuwa amehama, na cha pili hakimjui kamwe, hivyo hakuna anayemtafuta. Mhudumu wa Urambo aliyeandika namba ya zahanati ya Kasulu siku ya kwanza anaweza kupiga simu wiki mbili baada ya treni kuondoka na kuuliza kama kijana amefika. Mpaka sehemu ya chini irudi, au simu hiyo ijibiwe, kijana huyo bado ni mgonjwa wa Urambo.